Jeraha la Kichwa na Utafiti: Haki za Mgonjwa na Ndugu Zake

Tuchukue mfano. Kijana wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, ameanguka kutoka mnazini. Anapelekwa kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa gari hadi Kibiti, na hatimaye Dar es Salaam. Hajitambui. Wodini, kaka yake anakabidhiwa fomu: je, familia inaridhia mgonjwa aingizwe katika utafiti? Kaka anahofia kwamba akikataa, mdogo wake hatatibiwa. Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya ndugu kama huyo.

Kwa nini watafiti hushirikiana

Hospitali moja haipati wagonjwa wa kutosha kuthibitisha kama tiba fulani inafaa. Jaribio la CRASH-3, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, liliunganisha hospitali 175 katika nchi 29 na wagonjwa zaidi ya 12,000. Lilipima asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu. Ilibainika kuwa inapotolewa ndani ya saa 3, hupunguza vifo kwa wenye jeraha dogo au la wastani la ubongo. Kwa walioumia vibaya sana, nafuu hiyo haikuonekana. Dawa hii hutolewa na mtaalamu. Usiinunue dukani kumpa majeruhi. Funzo kwa mkazi wa delta ni moja: usisubiri maji yajae wala kupambazuke iwapo kuna njia ya kuondoka sasa.

Hapa nchini, Hospitali ya KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamekuwa wakiweka kumbukumbu za pamoja za wagonjwa wa majeraha ya ubongo. Kutokana na ushirikiano huo lilianzishwa pia jaribio la ushauri kwa majeruhi wanaokunywa pombe, liitwalo Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Wakazi wa Kibiti, Bungu na Mchukwi nao si wageni wa utafiti: tangu mwaka 1998, watafiti walikuwa wakipita kaya kwa kaya kuandika vizazi, vifo na uhamaji.

Haki zako

1. Kushiriki ni hiari. Ukikataa, mgonjwa ataendelea kupata matibabu ya kawaida.

2. Mgonjwa asiyejitambua huamuliwa na ndugu wa karibu. Akirejewa na fahamu, ana haki ya kuulizwa mwenyewe, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

3. Katika dharura, kamati ya maadili inaweza kuruhusu tiba ianze kwanza na ridhaa iombwe baadaye. Hata hivyo, ni lazima uelezwe.

4. Maelezo yatolewe kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Ondoka na nakala ya fomu.

5. Taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Je, utafiti una kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)? Kama unajaribu dawa, una kibali cha TMDA? Mgonjwa atapewa kitu gani ambacho asingepewa vinginevyo? Madhara yakitokea, nani atagharimia matibabu? Tukirudi kijijini, mtatufuatiliaje, na nauli ya kurudi kliniki italipwa na nani? Mtafiti mwaminifu hachukizwi na maswali haya.

Dalili zisizongoja

Mfikishe majeruhi kituo cha afya mara moja akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akipata degedege, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au maumivu ya kichwa yakizidi.

Tunarudi kwa yule kaka. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Njia zote mbili ni halali. Tunachomsihi ni kwamba asitie sahihi kwa hofu. Aulize, aelewe, kisha aamue.