Somo la Udongo: Chembe Ikivunjika, Jembe Haliiungi

Ndugu wanachama,

Katika somo hili twataka kueleza kwa nini mche wa mkarafuu uliopandwa penye njia ya zamani ya magari hudumaa, ilhali mwenziwe ulio hatua chache kando hustawi.

Udongo mwekundu tuuitao kinongo umetokana na mawe ya matumbawe yaliyolika kwa mvua na jua tangu dahari. Ukiutia kiganjani utaona chembe kubwa na ndogo. Nyingi katika hizo si ngumu kama mchanga wa pwani; ni udongo laini kama unga, ulioshikamana kwa kutu ya chuma, na kutu hiyo ndiyo iupayo wekundu. Baina ya chembe mna nafasi, na humo ndimo maji hupita, hewa huingia na mizizi hupenya.

Gari la shehena likipita pale pale kila siku, mambo mawili hutokea. Kwanza, chembe husogeleana. Pili, zile dhaifu huvunjika, na unga wake hujaza nafasi zilizosalia. Wakati wa masika madhara huzidi, maana udongo uliorowa hauna nguvu ya kustahimili uzito.

Wajenzi wa barabara hupima udongo unaoshindiliwa kwa njia aliyoitangaza mhandisi R. R. Proctor wa Marekani mwaka 1933. Kwa udongo dhaifu wa namna hii huchukua fungu jipya kila wapimapo, kwani lililokwisha kupigwa si udongo ule tena.

Basi lililo kheri kwa barabara ni shari kwa mkarafuu. Jembe hulegeza udongo, lakini haliungi chembe iliyovunjika. Kazi hiyo hufanywa na majani yaozayo, mizizi na nyungunyungu, tena kwa miaka.

Mwanachama ajaribu mwenyewe. Achimbe vishimo viwili vilivyo sawa, kimoja njiani na kimoja chini ya mkarafuu, amimine kopo moja la maji katika kila kimoja. Kinachokawia kunywa ndicho kilichoshindiliwa.

Kwa hiyo twashauri:

1. Magari yashike njia moja tu shambani.
2. Shehena isipitishwe udongo ukiwa umerowa.
3. Baada ya mavuno, majani yaachwe yaoze chini ya mikarafuu.
4. Mche usipandwe penye njia ya zamani, ikiwa pana nafasi kwingine.

Mkarafuu hukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Mahali pabaya pakichaguliwa leo, hasara yake itajulikana baada ya miaka hiyo kwisha kupita.

Wassalaam,
Katibu