Doa Chini ya Gari: Limetoka Wapi?

Vijiji vingi vya Shinyanga na Geita sasa vina magari. Mengine hubeba pamba na mpunga, mengine viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya dhahabu kwenda kwenye makarasha. Asubuhi gari likiondoka, pale lilipolala panaonekana doa. Dereva anasema, "Ah, ni mafuta tu." Lakini mafuta gani? Gari lina mafuta ya aina nyingi, na aina moja ikivuja watu wanaweza kufa.

Zamani dereva wa Geita aliyekwenda Mwanza alisimama Busisi kungoja kivuko. Hapo alipata nafasi ya kuinama na kutazama chini ya gari. Tangu Juni 2025 tunavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, na gari halisimami. Kwa hiyo tutazame nyumbani kabla ya safari.

Jioni simamisha gari mahali tambarare. Tandaza chini yake boksi lililofunguliwa, uweke mawe pembeni lisipeperuke. Andika juu yake: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, livute utazame.

Oili ya injini huwa kahawia au nyeusi. Oili ya difu ni nzito na inanuka vibaya. Oili ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani, mekundu au ya buluu. Hayo ni sumu, na yana utamu, basi mbwa na watoto wasiyafikie. Wala wewe usionje kitu. Petroli na dizeli pua itakuambia. Sigara na kibatari vikae mbali. Lakini kama ni maji safi yasiyo na harufu, na jana gari liliwashwa kiyoyozi, usihangaike. Ni kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho.

Sasa mafuta ya breki. Mapya hufanana na mafuta ya kupikia, yakizeeka huwa kahawia, na mtu anaweza kuyadhania oili. Chukua kikopo cha maji, dondosha tone. Oili itaelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji. (Kikopo hicho kisirudi jikoni.) Kisha fungua boneti utazame kichupa cha mafuta ya breki kama yameshuka kwenye alama ya chini. Tazama pia upande wa ndani wa kila tairi, kama pamelowa.

Ukikanyaga breki, nguvu ya mguu hufika kwenye matairi kwa kupitia mafuta hayo. Yakivuja, pedali inazama na gari halisimami. Wengine huongeza mafuta wakaendelea na safari. Hapana! Tundu bado lipo. Gari hilo lisiondoke, hata kama abiria wamekwisha kupanda na mnada unangoja. Fundi ndiye aje lilipo gari. Ni gharama, ndiyo.

Kwa uvujaji mwingine, jueni jambo moja: linapodondoka tone sipo linapoanzia. Oili huteremka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Gasketi ya kava la juu la injini ikichoka, oili hushuka mpaka kwenye sampu, na mwenye gari anauziwa gasketi ya sampu. Basi anza chini palipolowa, panda juu mpaka unyevu unapokwisha. Vumbi letu hapa linasaidia, maana hunata palipolowa. Tope likiwa limeenea kote, safisha, kausha, washa injini dakika chache, zima, utazame tena. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Hapa kisomo chenu kina kazi. Wekeni daftari ndani ya gari, mwandike hivi:

Jumatatu. Oili imefika alama ya juu. Doa jeusi, mbele kulia, kama shilingi mia.
Alhamisi. Oili imeshuka hadi katikati. Doa mahali palepale, kama kisosi.

Mpelekee fundi daftari hilo. Na kabla hajafungua hata nati moja, mwombe akuonyeshe kwa kidole mahali panapovuja.