“Ile pesa itume kwenye namba hii”

Ujumbe huu si mgeni kwako. Tapeli hajui siri zako wala hajaingia ndani ya simu yako. Anautuma kwa watu wengi kwa mkupuo, akimvizia yule mmoja wa Chang'ombe, Dodoma, ambaye jioni ile kweli anadaiwa kodi ya chumba. Huyo hutuma bila kuuliza.

Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mjini humo mwaka 2015; tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Utapeli haukukoma, kwani laini nyingine zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako. Ujumbe wa tapeli upeleke 15040, kisha mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote.