Kuchora Mimea ya Jangwani kwa Rangi za Maji

Mmea wa kawaida huhifadhiwa kwa kukandamizwa kati ya karatasi hadi ukauke. Lakini mimea ya jangwani itunzayo maji mwilini, kama vile dungusi na mishubiri, haihifadhiki vyema kwa njia hiyo. Ikikaushwa husinyaa, umbo lake hupotea na rangi zake hufifia. Ndiyo sababu picha ya rangi za maji ni ushahidi wa kisayansi, wala si pambo la kitabu tu. Huko Marekani, wataalamu Britton na Rose walipotoa majuzuu manne juu ya jamii ya dungusi kati ya mwaka 1919 na 1923, picha nyingi za rangi zilichorwa na Mary Emily Eaton.

Kwanza, mchoraji hana budi kupima na kuhesabu. Idadi ya mbavu za shina na mpangilio wa miiba husaidia kutambua aina ya mmea. Tarehe nayo iandikwe, maana mmea hubadilika: shina la saguaro, dungusi mkubwa wa jangwa la Sonora, hutanuka baada ya mvua na kujikunja wakati wa kiangazi.

Pili, ua huchorwa kabla ya shina. Ua la saguaro hufunguka usiku na kufumba kesho yake alasiri. Shina litangoja, ua halingoji.

Tatu ni rangi. Majani mengi ya mimea hii yana utando wa nta upunguzao upotevu wa maji, nao huyapa rangi ya kijivu-samawati. Utando huo hufutika kwa kuguswa, hivyo mmea ushikwe chini, karibu na mizizi. Katika rangi za maji, nuru hutokana na weupe wa karatasi. Kwa hiyo mchoraji huanza na rangi hafifu, akaongeza iliyokolea hatua kwa hatua, na miiba myeupe huiachia karatasi tupu.

Kazi hii hudai uaminifu. Ubavu mmoja ukiongezwa ili picha ipendeze, msomaji wa miaka mingi baadaye, asiye na mmea wenyewe mbele yake, atapotoshwa na picha hiyo.