Wali umeungua, nimeunguza wali, wali umeniungulia

Somo la wiki hii linatoka jikoni, mwanafunzi mpendwa, na linaishia chumba cha kufulia kule chini ya jengo. Lisome pamoja na mzazi kama inawezekana, kwa sababu kuna sehemu moja ni yake.

Anza na sentensi hizi tatu. Zisome kwa sauti, polepole.

Wali umeungua.
Nimeunguza wali.
Wali umeniungulia.

Sufuria ni ileile, na harufu ni ileile mpaka kwenye ngazi. Lakini mama aliyerudi kazini sasa hivi, hata koti hajavua, atasikia mambo matatu tofauti.

Sentensi ya kwanza inaueleza wali peke yake. Jambo limeupata wali. Nani alikuwa zamu jikoni, haisemi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya namna hii, na ajali za nyumbani zimejaa humo: glasi imevunjika, maziwa yamemwagika, sahani imepasuka, pazia limechanika, sinki imefurika, pasi imeharibika.

Sentensi ya pili inamleta mtu. Ile ni- ya mwanzo ni kama kunyoosha mkono darasani. Angalia kitenzi kinavyobadilika: ungua inakuwa unguza, kama vile pungua inavyokuwa punguza na jaa inavyokuwa jaza. Vikiwa na k mwishoni mara nyingi huchukua sh: chemka, chemsha, anguka, angusha, waka, washa. Kwa vunjika safari ni ya kinyume. Hapo tunaanza na vunja, mwaga, chana, ndipo tunapata vunjika, mwagika, chanika. Usikariri jedwali. Tembea nyumbani kwako, gusa vitu, sema: hiki nikikiangusha kitaanguka, hiki nikikichana kitachanika. Baada ya siku tatu mdomo utakuwa umezoea.

Wewe uliyekulia Stockholm unalo wazo hili tayari kichwani, maana Kiswidi kinalo pia. Unajua tofauti ya "brinna" na "bränna". Ni ungua na unguza hizo. Na kila mtoto wa chekechea hapa anajua kusema "glaset gick sönder" badala ya "jag hade sönder glaset". Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba Waswahili wana lugha ya kukwepa. Watoto wa dunia nzima wanajua kukwepa.

Sasa sentensi ya tatu, ambayo ndiyo sababu hasa ya somo hili, kwa sababu wengi wenu hamuitumii kabisa na babu na bibi zenu huitumia kila siku. Wali umeniungulia. Ile -ni- iliyo katikati inasema kwamba jambo hili limenipata mimi. Wali ulikuwa mikononi mwangu, sikutaka uungue, hasara ni yangu. Hapo si kukana wala si kujipiga kifua. Vivyo hivyo: kikombe kimenivunjikia, simu imenizimikia, gari limetuharibikia njiani, maziwa yamenimwagikia. Hiyo ya mwisho ina maana mbili: pengine maziwa yamemwagika mwilini mwako, pengine yamemwagika tu na wewe ndiye uliyepata hasara. Anayekusikiliza atatazama fulana yako na kuelewa.

Kuna jambo la sarufi hapa linalowachanganya hata wakubwa. Kwa nini ungua ikawa ungulia, na ile l imetoka wapi? Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili huirudisha l iliyopotea zamani: nunua, nunulia, pasua, pasulia, fua, fulia, ungua, ungulia. Na ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini ule moto wa kifuani baada ya kula pilau usiku unaitwa kiungulia.

Ukivunja kikombe cha bibi alichokuja nacho kutoka nyumbani, basi, mwambie: "Bibi, samahani, kikombe chako kimenivunjikia." Umekiri kwamba kilikuwa mkononi mwako na umeonyesha heshima. Lakini usimwambie "pole" ukadhani umeomba msamaha. Pole humpa pole mtu aliyepatwa na jambo, na hata mpita njia asiyehusika atasema pole. Anayehusika husema samahani, au akitaka kuongeza adabu, niwie radhi. Neno "förlåt" ni samahani. Kosa hili nalisikia karibu kila Jumamosi, na bibi aliyevunjiwa kikombe akiambiwa "pole" na aliyekivunja, ana haki ya kushangaa.

Tuje kwenye chanzo. Kwa kawaida wali hauungui kwa sababu mpishi hajui kupika. Unaungua kwa sababu mpishi hayupo, hata kama amesimama palepale. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa hali hiyo, na hayana uzito mmoja. Kuzubaa ni kusimama mdomo wazi akili ikiwa mbali. Ukimwambia mtu "umezubaa", umemkaripia, kwa hiyo usimwambie shangazi. Kujisahau ni kuzama katika jambo moja ukasahau uko wapi. Kughafilika ni neno la watu wazima, la adabu: "Nimeghafilika, niwie radhi." Halafu kuna kupitiwa. "Nimepitiwa" maana yake kitu kimenipita juu, kama wingu, nami sikukiona. Husemwa pia kwa usingizi, kupitiwa na usingizi. Nalipenda sana neno hili, kwa sababu linaeleza sawasawa jinsi dakika ishirini zinavyopotea ukiwa na simu mkononi.

Soma kisa hiki kifupi, ukihesabu -ka- zote:

Baba alibandika wali saa kumi na moja jioni. Maji yakachemka, akapunguza moto, akafunika. Simu ikalia. Alikuwa shangazi, kutoka Tanga. Baba akampeleka dirishani kumwonyesha theluji, akakaa, wakacheka, wakasalimiana na majirani wa shangazi mmoja mmoja. Mara moshi ukajaa sebuleni. Kumbe hakupunguza pleti yenye sufuria. Alizungusha swichi ya pleti ya nyuma, iliyokuwa imezimwa, na ile ya mbele ikaendelea kuwaka kwa moto wa mwisho.

Umepata -ka- ngapi? Ndizo zinazosukuma kisa mbele, tukio baada ya tukio. Na kumbe ndiyo inayokigeuza kisa. Haina neno moja linalolingana nayo katika Kiswidi. Ni sauti ya mtu anayegundua kuwa mambo hayakuwa kama alivyodhani. Kisa cha ajali ya jikoni bila kumbe ni kama chai bila majani.

Saa pia ni sehemu ya ajali hii. Majira ya baridi, saa kumi na moja jioni ya Stockholm ni saa moja usiku Tanga, Nairobi na Dar es Salaam. Kiangazi tofauti inapungua inakuwa saa moja tu. Kwa hiyo ndugu zetu wanapomaliza kazi za siku na kushika simu, sisi hapa ndio kwanza tunabandika. Si ajabu vyungu vyetu huungua katika mazungumzo.

Na jiko la hapa si jiko la kule. Kwenye mkaa, mpishi hupunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, wali ukaiva taratibu. Akisahau, mkaa huchoka wenyewe ukawa majivu. Umeme hauchoki. Pleti ya kioo haina mwali wala mlio, na hata ukiizima hubaki na joto kwa muda. Joto hilo ni zuri kwa kumalizia wali, na ni baya kwa mkono wa mdogo wako au kwa kitambaa kilichowekwa juu yake. Tena kule uani daima kuna mtu anayepita akapaza sauti, "Wali unaungua huko!" Hapa mlango umefungwa, na anayepaza sauti ni kile kidude cha darini, "brandvarnaren", ambacho wengine hukitoa betri kwa sababu kinawasumbua wakikaanga samaki. Mzazi, tafadhali kirudishie betri leo. Wazima moto wa Sweden hulitaja jiko lililosahaulika miongoni mwa sababu kubwa za moto wa majumbani, na kuna kifaa kiitwacho "spisvakt" kinachokata umeme jiko likisahaulika. Kama kuna mzee nyumbani anayepika peke yake, fikirieni kukiweka.

Sasa hili mtoto alijue kwa moyo. Mafuta ya maandazi yakishika moto, usimwage maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Funika sufuria kwa mfuniko, zima jiko, uiache hapohapo usiibebe. Ikishindikana, tokeni wote, fungeni mlango nyuma yenu, pigeni 112. Lakini kama moto uko kwa jirani na ngazi zimejaa moshi, bakini ndani mlango ukiwa umefungwa, na mpige namba hiyohiyo. Aliyeungua ngozi awekwe kwenye maji ya bomba, si dawa ya meno. Kwa ushauri kuna 1177.

Na sema vizuri unapoita msaada ndani ya nyumba. Moto huwaka, taa huwaka, kibiriti huwaka. Nyumba huungua, chakula huungua, kidole huungua. Ukisema "wali unawaka", watu watakuja mbio na blanketi.

Kama wali umeungua chini tu, usiukoroge. Pakua wa juu uweke kwenye sufuria nyingine, wengine hufunika na kipande cha mkate juu ili kivute harufu. Ule wa chini uutazame rangi kabla ya kuutupa. Mweusi ni hasara. Wa dhahabu ni ukoko, na ukoko watu huugombea. Mwanafunzi mwenzako mwenye asili ya Irani atakwambia kwao unaitwa tahdig na hupikwa makusudi kwa ajili ya wageni, kwa hiyo msiuonee haya.

Chumba cha kufulia nitakipita haraka. Mmeweka zamu, mashine imekwisha, nyote mmeghafilika mkitazama filamu. Mkishuka mnakuta nguo mbichi juu ya meza na karatasi yenye maneno makali kutoka kwa mwenye zamu iliyofuata. Maneno mawili ya kukumbuka. Kanga mpya huchuja, yaani hutoa rangi, na ukiitia pamoja na mashuka meupe kwa nyuzi 60, mashuka yatakuwa ya waridi. Sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji ya moto hurudi. "Sweta imerudi" haina maana kwamba ilisafiri. Imekuwa ndogo, sasa ni ya mdogo wako. Na nguo tunaanika, kisha tunaanua. Wengi wenu mnalijua la kwanza tu.

Mzazi, sehemu yako ni hii. Mtoto akija akisema "glasi imevunjika", wengi wetu tunajibu papo hapo: "Imevunjika yenyewe?" Tunadhani anakwepa. Huenda anakwepa. Lakini huenda hiyo ndiyo sentensi pekee anayoiweza kwa Kiswahili, na amejitahidi kuisema kwa lugha yako badala ya ile iliyo rahisi kwake. Akikaripiwa hapo, atajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba Kiswahili ni lugha ya kugombezwa, na kwamba vitu vilivyovunjika ni vya kufichwa chini ya kochi. Leo ni glasi. Siku nyingine ni pasi iliyoachwa juu ya zulia, na hapo utataka aje akwambie mbio, kwa lugha yoyote. Kwanza muulize kama ameumia. Kisha mpe sentensi anayoikosa: "Sema, imenivunjikia." Kisha mpe ufagio.

Nawe ukiunguza maharage ukiwa kwenye simu na ndugu, sema mbele yake, "Nimepitiwa, nimeunguza maharage." Hakuna zoezi la sarufi nitakalompa darasani litakalofanya kazi kama hilo.

Kazi ya nyumbani. Muulize mkubwa mmoja, kwa simu au ana kwa ana (kama ni kwa simu, zimeni jiko kwanza), akusimulie ajali moja ya nyumbani ya utotoni mwake: chungu kilichomwagika, taa ya chemni iliyoanguka, mbuzi aliyeingia jikoni wakati mlinzi wa maharage anacheza. Andika kisa hicho kwa mistari kumi. Kiwe na -ka- zisizopungua tano, kumbe moja, na kitenzi kimoja chenye mtu katikati, kama kimenivunjikia au yamemmwagikia. Wadogo wa kundi la kwanza wachore picha na kuandika chini yake sentensi mbili, moja ya ungua na moja ya unguza. Leteni Jumamosi ijayo. Mwenye ukoko nyumbani alete na ukoko.