Safari za Visiwa vya Lamu: Kwanza Uliza Maji

Katika toleo hili nimeonelea niandike juu ya usafiri wa kuja Lamu na wa kuzunguka visiwa vyake. Huenda ukasema, "Ah, hili nalo ni somo? Si kila mtu hapa ajua kupanda boti!" Ni kweli, kupanda twajua sote. Lakini kupanda ni jambo moja, na kujua kwa nini boti yaondoka saa fulani na kupitia mahali fulani ni jambo jingine. Tena walimu wetu kadhaa wametoka bara, na wenzetu wengine wamehamia juzijuzi tu. Hao huuliza, "Kutoka hapa mpaka Faza ni kilomita ngapi?" Swali zuri, ila huku kwetu silo la kwanza. La kwanza ni hili: maji yako vipi?

1. KUFIKA LAMU

Njia ya kwanza ni ya nchi kavu. Kutoka Mombasa mpaka Mokowe ni kama kilomita 340. Basi hupita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu na Hindi. Zamani kipande cha kutoka Garsen kilikuwa cha mchanga na vumbi, na mvua ikinyesha magari yalilala njiani. Sasa kina lami. Jambo lililobaki ni usalama. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yalikuwa yakisafiri kwa msafara pamoja na askari, na Januari 2020 basi lilishambuliwa huko Nyongoro. Kwa hivyo msafiri mwenye busara huuliza hali ya njia kabla ya kukata tikiti, wala haoni haya kuuliza.

Njia ya pili ni ya hewa. Wageni wengine hudhani ndege hutua mjini Amu. La! Kiwanja kiko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya pili ya mkondo.

Sasa angalia jambo hili. Basi linaishia Mokowe, ndege inaishia Manda, na kote huko hakuna daraja la kukufikisha Amu. Aliyekuja kwa ndege na aliyekuja kwa basi, tajiri na mchuuzi, wote mwishowe hupandisha nguo na kutia mguu botini. Bahari haina mkubwa.

Njia ya tatu ni ya bahari tangu mwanzo. Majahazi bado hubeba shehena, ingawa abiria wengi wameyaacha kwa sababu ya mabasi. Bandari kubwa ya Lamu iliyoko Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, ni ya meli za mizigo. Haimsaidii mtu anayetaka kwenda Siyu kumtazama shangazi yake.

2. MAJI KUJAA NA KUPWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na ziada kidogo. Toka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Na kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, kwa kuwa yanaufuata mwezi, nao mwezi huchelewa kuchomoza kila siku.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yaweza kuzidi mita 3. Kati ya hapo ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Ukiishika hiyo saa 10, hesabu nyingine zote ni rahisi.

Hebu tufanye mfano. Leo ni mwezi 5. Tangu mwezi 1 zimepita siku 4. Zidisha 4 kwa dakika 50, upate dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Anza saa 10 alfajiri, ongeza hizo, upate saa 1 na dakika 20 asubuhi. Basi maji yatajaa karibu na wakati huo. Hii ni hesabu ya kukadiria tu, lakini humfaa mtu asiye na jedwali.

Kwa nini tujisumbue hivi? Sababu moja ni Mkanda. Mkanda ni mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Boti za kwenda Pate hupenda kupita humo kwa kuwa ni njia fupi na maji yametulia. Lakini yakipwa, Mkanda huwa na kina kidogo, na chombo kikilazimisha hukwama matopeni mpaka maji yarudi. Njia nyingine ni kuizunguka Manda kwa nje, kwenye mawimbi ya bahari kuu. Basi saa ya kuondoka haipangwi na nahodha kwa kupenda kwake. Ukimwona ameketi gatini anakunywa kahawa, usimwite mvivu. Anangoja maji.

Na hili si jambo la watalii pekee. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahad, iko Amu. Mama mjamzito wa Kizingitini akishikwa na uchungu usiku wa maji makavu, jamaa zake hawana budi kuamua: wapite nje penye mawimbi, au wangoje. Hakuna kilomita itakayowajibu. Mtu aliyejua mapema kwamba wiki hiyo maji yatakauka usiku, angemleta mgonjwa wake Amu mchana, siku mbili kabla. Ndiyo maana nasema kuyajua maji ni elimu ya kuokoa roho.

3. PEPO

Kaskazi huvuma toka karibu Disemba mpaka Machi, na kusi toka Aprili mpaka Septemba hivi. Kwa tanga, kusi humpeleka mtu Pate na Kiwayu upesi, na kaskazi humshusha Mombasa. Kwenda kinyume chake ni kupiga bisha kutwa nzima. Mashine zimepunguza taabu hiyo, lakini hazijaituliza bahari. Kusi likichacha, katikati ya mwaka, hata boti ya mashine hutafuta kujificha nyuma ya visiwa.

4. VYOMBO

Mababu zetu walisafiri kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe imekwisha baharini, lakini mfano wake upo katika Makumbusho ya Lamu. Nendeni mkautazame. Siku hizi tuna jahazi la shehena, mashua na dau za kuvulia, boti za abiria zenye mashine, na spidi. Matondoni bado kuna mafundi wa kuunda na kukarabati vyombo. Boti ya abiria kutoka Amu hushusha watu Mtangawanda, na kutoka hapo bodaboda huwapeleka Siyu, Pate na kwingineko kisiwani.

5. NDANI YA MJI

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, si cha gari. Kwa hivyo mchanga, mawe na saruji hubebwa na punda au hamali. Punda wana hata hospitali yao hapa, iliyofunguliwa na Donkey Sanctuary mwaka 1987. Pikipiki zilipoingia, ubishi ulizuka, na kila upande una haki yake: kijana ataka riziki, na mzee ataka kutoka msikitini bila kugongwa. Mimi naona pikipiki zibaki nje ya vichochoro. Toka Amu hadi Shela ni kama kilomita 3 tu, na miguu haidai mafuta.

6. METHALI YA KUFIKIRIA

Kuna methali isemayo, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Ni ya kweli inapotufundisha kukubali majaliwa. Lakini wako wanaoitumia vibaya, watu wakijazwa kupita kiasi bila jaketi za kujiokolea. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama na watu 272 wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Unguja. Zote mbili zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Hapo usukani ulikuwapo, na mikono ya kuushika pia ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Watu wametosha." Mwanafunzi aweza kulisema neno hilo kwa adabu: "Bwana nahodha, mimi nitangoja boti ijayo." Hakuna atakayekupiga kwa hilo.

ZOEZI

(a) Leo ni mwezi 8. Maji yatajaa karibu saa ngapi asubuhi?
(b) Nahodha ataka kupita Mkanda saa 4 asubuhi siku ya mwezi mpevu. Mshauri.
(c) Taja faida moja na hasara moja ya kupita nje ya Manda.

Majibu: (a) Siku 7 mara dakika 50 ni dakika 350, basi karibu saa 4 kasoro dakika 10. (b) Asubiri, maji yamepwa. (c) Faida, hungoji maji. Hasara, mawimbi.

Aliyepata yote matatu, safari njema. Aliyekosa, akamuulize mvuvi yeyote gatini; atamweleza bila ya kalamu.