Saratani ya Ngozi: Picha Zinatafuta Nini?

Nasoma udaktari hapa Kigali, na wenzangu huniuliza: sisi weusi saratani ya ngozi itatupataje? Inatupata. Melanoma kwetu hupenda unyayo na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu, ikamuua 1981.

Hatari yake ni kusambaa, ndipo picha zinapohitajika. Ultrasaundi hukagua tezi za kinenani, pale mtoki unapovimba, maana saratani ya mguu mara nyingi hupitia hapo kwanza. Sitiskani hutazama mapafu na ini. PET hufuata sukari yenye mionzi hafifu, kwa kuwa saratani hula sukari nyingi. Ubongo nao hula nyingi, hivyo hupimwa kwa MRI.

Ndugu yangu, unapoosha miguu kwa udhu, tazama unyayo. Doa linalokua lionyeshe hospitali kabla halijasafiri.